Chuma cha Pili cha Shangazi

Shangazi yangu wa Mtendeni aliwekewa nyonga ya chuma mara mbili. Ya kwanza ilitokana na ganda la embe alilolikanyaga sokoni, ajali ambayo ingeweza kumpata mtu yeyote. Ya pili ilitokana na adabu yake, na hiyo isingempata mtu ila yeye na wanawake wenzake wa Tabora.

Chuma cha kwanza sikukishuhudia kikiwekwa. Nilikuwa Urambo nikipanga madaraja ya tumbaku, na kabla ya Urambo nilikuwa Kigoma, na kabla ya Kigoma nilikuwa nimeacha shule darasa la sita kwa sababu garimoshi lilipita karibu mno na dirisha la darasa. Niliporudi Tabora, miaka ile ya vijiji vya ujamaa na foleni za sukari, nilimkuta shangazi anatembea kwa kuchechemea kidogo tu, amevaa viatu vya raba, na ana habari ya kunisimulia. Alivunjika mfupa wa nyonga, akapelekwa Dar es Salaam, na huko wakamwekea kitu mfano wa gololi kubwa yenye mkia. Mkia unapigiliwa ndani ya mfupa wa paja, gololi inakaa penye kiungo.

"Na bado natembea," alisema. "Wewe mtoto wa kaka yangu una miguu miwili mizima, haijui kutulia. Mimi nina mmoja na nusu, na sina pa kwenda."

Kabla hajaruhusiwa kurudi alikuwa ameonywa: asichuchumae, asikae chini, asiupinde ule mguu kupita kiasi. Shangazi aliyasikia yote, akayakubali yote, kisha akarudi nyumbani kwake ambako kila kitu kilikuwa chini. Jiko la mkaa la kukaangia vitumbua lilikuwa chini. Kigoda chake kilikuwa na urefu wa kiganja. Mbuzi ya kukunia nazi zinazoletwa na reli ilikuwa chini kuliko kigoda. Choo, sina haja ya kueleza. Nilipomuuliza kuhusu onyo la daktari alinitazama kama mtu anayeulizwa na mwehu.

"Alisema nisichuchumae. Hapa nimechuchumaa? Hapa nimekaa."

Hata hivyo, naamini kile chuma kingestahimili vitumbua. Kilichokishinda ni misiba.

Kwa wanawake wa Mtendeni msibani ni mkekani. Mfiwa amekaa chini, amenyoosha miguu, na kila anayeingia anakaa chini naye, bega kwa bega, na haondoki mpaka amekaa vya kutosha. Viti vinatolewa kwa wanaume nje, na kwa mgeni wa serikali akitokea. Mwanamke wa kukaa kitini huku mfiwa yuko mkekani alikuwa bado hajazaliwa, na kama amezaliwa basi si mtaani kwetu. Shangazi hakukosa msiba hata mmoja. Nilimwambia siku moja aombe kigoda kirefu, akashtuka.

"Nikae juu, mwenzangu amefiwa, niwe namtazama utosini? Hata wazungu hawafanyi hivyo."

Basi mguu ukaanza kulalamika. Kwanza paja liliuma asubuhi anapopiga hatua za mwanzo, halafu likawa linauma mchana pia. Baadaye mguu wenyewe ukafupika, akawa anakunja kipande cha kanga na kukitia ndani ya kiatu ili alingane. Alikwenda hivyo hivyo, kwenye arobaini, kwenye hitima, kwenye tanga. Mwisho, katika msiba mmoja wa mtaa wa Isevya, alitaka kuinuka kutoka mkekani akashindwa. Wenzake walipomshika makwapa wamwinue, nyonga ikatoa mlio ambao walioketi karibu walisema ulikuwa kama mtu anayevunja muwa.

Miongoni mwa waliomshika alikuwamo mtani wake. Huyu alikuwa mwanamke wa Kizaramo, mke wa mfanyakazi wa reli, aliyehamia jirani na shangazi zamani akaachana na pwani isipokuwa kwa mdomo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita nchini kwao na mizigo kichwani kwenda Bagamoyo. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kukamata kitu chako na kukaa nacho, anaweza kufanya mzaha juu ya maiti yako, nawe aibu yako ni moja tu, kukasirika. Basi pale pale, shangazi akiwa ananing'inia mikononi mwa watu, macho yamemtoka kwa maumivu, mtani wake akasema:

"Watazameni wapagazi wa siku hizi! Babu zao walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Huyu makalio yake mwenyewe yamemshinda."

"Nyamaza, mla mihogo," alisema shangazi, kisha akazimia.

Hospitali ya mjini walimpiga picha. Mimi sikuweza kuondoka kabla sijaiona, nikamsumbua mpiga picha hadi akaiinua kwenye mwanga. Nilielewa mara moja, maana nilikulia kwenye majembe. Jembe letu lina msumari unaopenya kwenye kichwa cha mpini, na likianza kulegea, kila unapolima tundu linapanuka. Ukilipigilia tena kwa nguvu, mpini unapasuka. Dawa yake ni mpini mpya. Chuma cha shangazi kilikuwa kimelegea hivyo hivyo, kimekula mfupa ndani, kimezama na kuegemea upande. Tofauti ni kwamba mpini mpya wa paja hakuna msitu wa kuukata.

"Itabidi arudi Dar," daktari wa pale alituambia. "Kitolewe, kiwekwe kingine."

"Nikikataa?" aliuliza shangazi.

"Utatembea kwa magongo, mama. Halafu utakuwa wa kitandani."

Shangazi hakuuliza kuhusu maumivu wala kisu. "Nikiwa wa kitandani, nani atakwenda kwenye misiba ya watu kwa niaba yangu?" Nilijua anachokihesabu. Mtaani kwetu mtu anahesabiwa kwa kuonekana, na aliyeacha kuonekana kwenye shida za wenzake, wenzake wanaanza kumtaja kwa wakati uliopita. Hicho ndicho alichokuwa anakiogopa, na kwa ajili ya hicho alikubali kupasuliwa mara ya pili.

Tulikwenda kwa garimoshi, daraja la tatu, shangazi amelazwa kwenye benchi juu ya magodoro mawili. Mtani wake alijileta bila kuitwa. "Nakwenda kwetu kusalimia," alisema. "Huyu ni mzigo tu wa njiani." Reli ile inafuata njia ya wapagazi karibu hatua kwa hatua, na mtani aliitumia kila stesheni. Abiria wapya wakiingia aliwatangazia: "Zamani hawa walitembea kwa miguu kutuletea mizigo. Leo Mzaramo mmoja, mwanamke, anambeba Mnyamwezi mzima. Mambo ya uhuru hayo." Tulipoingia Ugogo, Wagogo nao, ambao ni watani vilevile, wakachangia ya kwao kupitia dirishani pamoja na karanga. Shangazi alijibu wote akiwa chali. Nadhani alisahau mguu kwa muda mrefu kuliko vidonge vilivyoweza.

Daktari wa mifupa aliyetupokea Dar alikuwa mwembamba, Mtanzania, amerejea masomoni si muda mrefu, na alikuwa na tabia ya kusema na mgonjwa badala ya kusema na ndugu. Alimweleza shangazi kwamba kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

"Mara ya kwanza waliingia kwenye mfupa mzima, mama. Mimi naingia kwenye mfupa uliokwisha liwa. Kwanza nikitoe hicho cha zamani bila kuupasua. Halafu nikwangue ndani, nisafishe. Halafu niweke chenye mkia mrefu zaidi, ushike mahali ambapo mfupa bado una nguvu."

"Kinashikwa na nini?" niliuliza.

"Kuna saruji yake."

"Saruji kama ya nyumba?"

"Si ya nyumba. Inakorogwa kama uji na kuganda upesi."

"Na ile gololi inazunguka ndani ya nini?"

"Tunaweka kikombe cha plastiki kwenye nyonga."

"Plastiki kama ya ndoo?"

Akaweka kalamu chini. "Ndugu, wewe ulisomea wapi?"

"Njiani," alijibu shangazi kwa niaba yangu. "Mwache, daktari, ukimjibu hilo ataleta lingine. Niambie mimi. Hiki cha pili nacho kikilegea?"

"Cha tatu hakuna, mama. Mfupa hautabaki wa kukishika. Ndiyo maana nakuomba: kigoda basi, na mkeka basi."

"Hata msibani?"

"Hata msibani kwangu."

Shangazi aligeukia ukutani. Nilidhani analia, lakini sasa nadhani alikuwa anajaribu kuuona huo msiba akiwamo yeye ndani yake, amekaa juu, na alikuwa haoni pa kujiweka.

Ilihitajika damu. Yangu ilipimwa ikakataliwa, haikuwa ya kundi lake, jambo ambalo mtani alilishangilia sana. Yake ilipopimwa ikakubalika, alishangilia zaidi. Alitoka kwenye kile chumba amejishika mkono, anatembea kama aliyejifungua.

"Umesikia, mpagazi? Inaingia ya Kizaramo. Ukiamka utakuta viuno vinacheza mdundiko vyenyewe."

"Nitakuwa mvivu," alisema shangazi. "Nitalala mpaka jua la saa nne nikisubiri wenzangu walime."

"Utajua kupika, angalau."

Nesi, msichana wa Kimakonde asiyehusika na ugomvi huu, aliwaangalia mmoja baada ya mwingine akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni vyema akawatenganisha.

Asubuhi ya upasuaji mtani hakutania. Tulikaa barazani. Alikuwa na kanga ya shangazi mapajani. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena kwa upana mwingine. Nilijaribu kumpigisha soga juu ya saruji na kikombe cha plastiki, akaniambia nikienda kuwatazama mafundi wa barabara huko nje nitakuwa nimemsaidia. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja wa baraza hadi mwingine. Daktari alipotoka, kofia imelowa jasho, alisema mfupa ulipata ufa kidogo wakati chuma cha zamani kikitolewa, akaufunga kwa waya, na chuma kipya kimekaa. Mtani alisema, "Ahsante, baba," kama mtu wa kawaida kabisa.

Shangazi alipozinduka kwenye nusu kaputi maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Kizaramo hakijaanza kunitoka?"

"Bado," alisema mtani. "Ungekuwa na akili."

Mimi niliomba kuonyeshwa chuma kilichotolewa, daktari akakubali, pengine ili nimwache. Kilikuwa kinang'aa sehemu nyingine na sehemu nyingine kimefifia, kizito kuliko kinavyoonekana, na nilitamani kukaa nacho mchana kutwa. Nilimwuliza shangazi kama angependa kukiona. Alisema kimemla miaka yote hiyo bila shukrani, na yeye hana desturi ya kumsindikiza mwizi.

Tuliporudi Tabora nilifanya kitu ambacho sijawahi kukifanya kabla wala baadaye, nilikaa mahali pamoja mwaka mzima. Nilimjengea jiko la matofali lenye kimo cha kiuno. Nilitengeneza sanduku la mninga lenye tundu, likawekwa chooni, na mtani akalibatiza kiti cha enzi na kuleta wageni kulitazama. Magongo yaliachwa, ikabaki fimbo. Mguu ulirefuka, kipande cha kanga kikatoka ndani ya kiatu. Sheikh wa msikiti wa jirani alipita kumjulia hali akamwambia aswali juu ya kiti bila wasiwasi wowote, dini haina uzito.

Basi Mwenyezi Mungu alikwisha kumruhusu shangazi kukaa kitini. Waliobaki kumruhusu walikuwa wanawake wa Mtendeni, na hao alikuwa hajathubutu kuwauliza.

Akaanza kutotoka. Pakitokea msiba alituma vitumbua, sahani kubwa iliyofunikwa kawa, na salamu ndefu nizifikishe. Alikuwa na mguu mzuri kuliko aliokuwa nao miaka mingi, na alikuwa anaishi kama yule wa kitandani aliyemwogopa. Nilimwambia hivyo. Akasema watu wanasema. Nikauliza wanasema nini. Akasema bado, lakini watasema.

"Ulipasuliwa bure," mtani alimwambia mlangoni. "Wangekuacha na kile kibovu, angalau ulikuwa unaonekana."

Halafu akafariki bibi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa kungwi wa shangazi. Ndiye aliyemfunda alipovunja ungo na ndiye aliyempeleka kwa mumewe. Kwa huyo sahani ya vitumbua ingekuwa matusi. Shangazi alifunga kanga zake mbili bila kuniangalia.

"Nitakaa mkekani kidogo tu," alisema. "Nitaunyoosha mguu."

"Shangazi, daktari alisema—"

"Daktari hakufundwa na huyu mama."

Nilikwenda naye nikiwa nimemshika kiwiko kama mtu anayesindikiza mtungi. Mtani alikuwa ametangulia, na marehemu akiwa Mnyamwezi, nyumba yote ilikuwa mikononi mwake. Alikuwa amejifunga kilemba cha marehemu, ameinamisha mgongo kama yeye, anapita kati ya sufuria akiwagombeza wapishi kwa sauti ya marehemu hasa: wali una mawe, nyie mmeolewa na nani? Watu walikuwa wanacheka na kufuta machozi kwa ncha ile ile ya kanga.

Wanaume tuliketi upande wa pili wa ua, kwa hiyo niliona vizuri. Shangazi alifika ukingoni mwa mkeka. Binti wa marehemu alikuwa katikati, amenyoosha miguu. Wanawake wakasogea kumpa nafasi, nafasi ile ile ya kila siku, ya bega kwa bega. Shangazi akaegemea mkono wa jirani, akaanza kushuka. Nikasimama. Mtani alikuwa amekwisha mwona.

Alituacha tukidhani anamwendea. Alikuja upande wetu. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mikono, anawaeleza wazee kuhusu mgawo wa sukari.

"Inuka," mtani alimwambia. "Hiki nimekikamata."

"Mtani, tuko kwenye mazungumzo. Tunazungumza sukari."

"Sukari utaizungumza umesimama. Haipo, hata hivyo."

Balozi naye alikuwa Mnyamwezi. Alitutazama, akaona hana pa kukasirikia, akainuka. Mtani alikipakia kiti kichwani, miguu minne juu, akavuka nacho ua akiimba mwimbo wa wapagazi alioukosea maneno kwa makusudi. Alikitua kwenye ukingo wa mkeka, nyuma ya shangazi ambaye alikuwa hajashuka wala hajasimama.

"Kaa."

"Mtani, usinifanyie hivi mbele za watu," shangazi alisema kwa sauti ndogo.

"Mle ndani mna damu yangu. Sikuitoa ikalazwe mkekani. Ukitaka kukaa chini nirudishie kwanza, hapa hapa, kwenye kikombe."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mtu upande wa jikoni akisema "Aa" kwa kuvuta. Shangazi aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na nadhani ni hapo hasa ndipo alipopasuliwa mara ya pili, kule Dar alilala tu. Binti wa marehemu aliinua uso uliovimba.

"Kaa, shangazi," alisema. "Mama angekuwepo angekuchapa. Usituletee msiba mwingine juu ya huu."

Shangazi akakaa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono mapajani, macho chini, kama bibi arusi aliyeletwa nyumba ambayo siyo. Halafu bibi mmoja mnene, mfanya mikate, ambaye nilimjua tangu utoto kwamba akikaa chini huinuliwa na watu watatu, alikohoa.

"Kwani ni nyonga tu?" aliuliza. "Au na magoti?"

"Magoti yanahesabika," mtani alisema, akageuka kututazama sisi wanaume. Wazee waliokuwa kwenye benchi refu wakaanza kujikaza.

Benchi liliondoka kwanza. Kisha vikaondoka viti viwili vya kukunja vya ofisi ya chama, kwa ajili ya mwanamke wa mgongo na mwingine ambaye hakutaja ugonjwa wowote, alikaa tu. Hadi mazishi yanakwisha na chakula kinaletwa, wanawake watu wazima wa Mtendeni walikuwa wamepanga mstari juu ya viti kandokando ya mkeka wakizungumza kwa raha, shangazi katikati yao ameegemea mgongo, ameshika mkono wa binti wa marehemu aliyesogezwa karibu na miguu yake. Sisi tulikuwa tumetandikiwa jamvi. Balozi alishuka polepole kwa kushika bega langu, mifupa yake ikilia, akakunja miguu, akashindwa, akainyoosha.

"Wewe unayependa kuuliza," aliniambia, huku akitafuta pa kuweka sahani yake. "Huyo daktari wenu wa Dar, wanaume aliwaambia wakae wapi?"